Habari Iliyotangulia Mkaguzi

Kiirua,
12 Januari 2025

Mama Ruguru,

Nakusalimu, na kupitia kwako nawasalimu Ruguru na watoto wake. Sisi huku tuko. Mvua ya mwisho wa mwaka ilikatika mapema, lakini viazi vilikuwa vimeshakomaa, kwa hiyo hatulii. Makandi ndiye anayenitunza tangu mama yake alipotutoka. Hunilisha uji kwa kijiko cha chai, na nikichelewa kumeza hunitania, "Baba, huu si mtihani. Meza tu."

Utashangaa kupata barua wakati kila mtu ana simu. Mwezi wa nane nilipasuliwa koo, na sauti ikaondoka pamoja na uvimbe. Kwenye simu ningekukoromea tu. Mkono bado unafanya kazi asubuhi, kabla haujaanza kutetemeka. Makandi atapeleka bahasha hii Meru mjini, kwenye ofisi ya vifurushi, ije Embu na gari. Uvimbe umerudi, na daktari amemwambia Makandi maneno ambayo Makandi hajaniambia. Sikumuuliza. Nilimwona akifua mashuka yasiyo machafu.

Kuna kazi imeletwa mlangoni kwangu. Watumiaji maji wa mfereji wetu wanaandika kanuni mpya: dawa zipi zipulizwe, umbali gani kutoka mferejini, pampu zioshewe wapi, maji yapimwe na nani. Muriithi, mwenyekiti wao, amekuja kuniomba maoni ya maandishi, kwa kuwa nilikagua dawa na maji ya serikali mpaka nikastaafu. Wanataka kuwe na kipengele kwamba mkaguzi atume habari wiki moja kabla ya kuingia shambani mwa mtu au kuchota maji ya kupima. "Wewe ulifanya hivyo, Mzee," aliniambia, "na hukugombana na mtu yeyote." Anataka sahihi yangu chini ya kipengele hicho, maana watu wananiheshimu.

Nimeiweka karatasi yake mezani na siwezi kuiandikia. Nadhani yuko mtu ninayepaswa kumwandikia kwanza.

Leo mkono umechoka. Uniandikie kama uko mzima.

Ndugu yako,
Misheck

—

Runyenjes,
20 Februari 2025

Baba Makandi,

Barua yako ilinifikia, ila ilikaa kwanza ofisini Embu mpaka Ruguru alipopitia huko akitoka shuleni anakofundisha. Pole kwa koo. Sikujua. Makandi angeweza kupiga simu, lakini najua ulimkataza.

Mimi ni mzima kwa kiasi cha umri. Magoti hupiga kelele nikipanda kwenda kwenye kahawa. Kuku wangu wanataga vizuri. Mjukuu wangu wa pili ananisomea gazeti kwa sauti na kuruka maneno magumu akidhani sijui.

Umeandika vizuri, kama zamani. Nakumbuka ulivyonishika mkono kunifundisha herufi kwa mkaa kwenye kibao, mama akigomba kwamba tunachafua ukuta. Kwa hiyo ukianza sentensi na kuiacha katikati, naliona pengo lake. Mambo ya Kiirua niliyaacha Kiirua. Kama una neno, liseme. Kama huna, uje tuzungumze kuhusu kuku.

Nina swali moja tu. Nani anayelipalilia kaburi la mtoto wangu?

Nimekuwekea asali kidogo. Iyeyushe kwenye maji ya moto, itasaidia koo.

Rwamba

—

Kiirua,
9 Machi 2025

Mama Ruguru,

Asali ilifika, ijapokuwa kifuniko kilivuja na Makandi akalamba karatasi. Nakushukuru. Huku jua ni kali, na mfereji umepungua hadi unaweza kuuvuka bila kuvua viatu.

Kaburi lipo. Watu wa mume wako Njura walizungushia ua wa miti pale nyuma ya nyumba baada ya Njura mwenyewe kufa, na lango lina kufuli. Nilipokuwa na nguvu nilikuwa naomba ufunguo na kupalilia mwenyewe kabla ya Krismasi. Tangu niugue sijui kama kuna anayeingia. Ulikuwapo mmea wa ua lile jekundu ulioupanda wewe. Ulinyauka mwaka wa ukame nami sikuurudishia mwingine.

Nitaandika kile ninachoweza kukiandika leo. Ule mtungi wa manjano haukuwahi kutiwa dawa. Ulitoka Majengo, dukani kwa Mwanatatu, yule mama aliyekuwa akikaanga mahamri na kuuza mitungi yake ya mafuta ya kula ikiisha. Niliununua mimi nikakupa wakati mwanao Mutugi alipoanza kutembea. Nilijua hivyo siku nilipoushika mbele ya waombolezaji na kuugeuza kitako juu. Nilijua kabla sijafungua kinywa.

Nimeliandika. Nilidhani nikiliandika hilo nitapumua.

Misheck

—

Runyenjes,
28 Aprili 2025

Baba Makandi,

Sikukujibu upesi. Ruguru aliniuliza kwa nini barua yako imelala chini ya Biblia wiki baada ya wiki, nikamwambia inanyooka mikunjo.

Huku mvua imenyesha vizuri na kahawa imetoa maua. Mjukuu wa kwanza amefaulu kuingia chuo. Hayo ndiyo ya nyumbani.

Sasa nisikilize. Unaniambia habari za mtungi kana kwamba unanipa zawadi. Mtungi niliujua. Nilikuwa mgongoni mwa baiskeli yako siku tulipoununua. Mwanatatu alitupa mahamri mawili bure na kukuambia, "Mwalimu, muoshee dada yako kwa maji moto na majivu, harufu ya mafuta itatoka." Alikuita mwalimu kwa sababu ya miwani. Niliuosha mara tatu. Miaka miwili tulinywa maji ya mtungi ule, mimi, Njura na mtoto, na hakuna aliyeumwa hata tumbo.

Jumapili ile nilichota maji mferejini kabla ya kanisa kama kawaida. Mutugi alinifuata akidai kikombe, nikampa. Mimi sikunywa kwa kuwa nilikuwa namfunga Ruguru mgongoni. Kabla hatujafika barabarani mate yalikuwa yanamtoka. Jua halijawa kali alikuwa ametulia mikononi mwangu.

Halafu ukaja wewe, mtu wa serikali, mjuzi wa dawa, ukaugeuza mtungi ukasema, "Ni huu. Hii mitungi ya dawa msichotee maji." Ulisema polepole, kwa huruma. Laiti ungesema kwa ukali wangekubishia. Mama mkwe wangu alivua kitambaa chake kichwani akakitupa chini mbele yangu. Nilipofukuzwa na Njura, hakuna mtu hata mmoja wa ukoo wetu aliyeuliza, kwa kuwa wewe ulikuwa umeshajibu. Tangu siku hiyo mkaacha kuniita Mama Mutugi. Hata wewe. Tazama mwanzo wa barua zako.

Na bata wa jirani walikufa siku ileile, kule chini mferejini. Walikunywa kwenye mtungi gani?

Kama si mtungi, ni nini? Umejaza karatasi pande mbili na hilo hukulijibu.

Rwamba

—

Kiirua,
11 Mei 2025

Mama Mutugi,

Nimeona mwanzo wa barua zangu. Nisamehe kwa hilo dogo, kabla sijakuandikia kubwa.

Makandi anakusalimu. Amehamisha kitanda changu karibu na dirisha ili nione mlima asubuhi. Ninakula vijiko vichache. Barua hii nimeiandika kwa siku kadhaa, mwandiko utakuonyesha palipo na siku nzuri na palipo na mbaya.

Unakumbuka jinsi nilivyofanya kazi. Sheria ya dawa ilikuwa mpya, na ofisi yetu ilitakiwa kukagua stoo za wakulima na kupima maji ya mifereji. Nilikuwa nikituma habari kabla ya kwenda. Niliona ni adabu. Mtu akiingia bomani mwa mwenzake bila hodi na kuanza kufungua milango ya stoo, amemwita mwizi mbele ya watoto wake. Kwa hiyo kila mahali nilipofika, pampu zilikuwa zimeoshwa na kuanikwa, na maji niliyochota yalikuwa safi. Nilipeleka chupa zile maabara nikapata majibu mazuri mwaka baada ya mwaka. Wakubwa walinisifu. Nilijua kwamba nilikuwa nikipima maji ya siku niliyotarajiwa, na siku nyingine zote sikuwa nazijua. Nilijua, ila sikutaka kulifikiria. Na wewe uliponiuliza kama maji ya mfereji yananyweka, nilikuambia, "Kunyweni, nimeyapima mwenyewe."

Mwezi ule tuliambiwa tutafute dawa moja ya wadudu iliyokuwa imepigwa marufuku. Atakayekutwa nayo angeshtakiwa. Nilijua Njura anayo. Alikuwa ameipulizia maharagwe yake msimu uliotangulia, na harufu yake haifichiki. Wakulima wengine niliwatumia habari kwa mdomo wa chifu, lakini Njura alikuwa muthoni wangu, mume wa dada yangu, na sisi tunavyowaheshimu na kuwaonea haya mashemeji unajua. Nisingeweza kusimama mbele ya stoo yake na karatasi ya serikali mkononi, yeye amevua kofia. Nisingeweza pia kupita nyumba yake bila kuikagua, majirani wangesema. Nikapanda baiskeli Ijumaa jioni nikaenda kwake mwenyewe. Wewe ulikuwa jikoni. Ulituletea chai.

Nilimwambia, "Muthoni, Jumatatu nitapita huku na kazi yangu. Kama ile dawa ipo, iondoe, nisiikute."

Akasema, "Usiwe na wasiwasi, muthoni. Hutaaibika."

Sikumwambia aiondoe vipi. Kazi yangu yote ilikuwa kujua hilo: dawa ile huzikwa mbali na maji, kwenye shimo refu, na mtu aliyevaa glavu. Nililijua kama ninavyojua jina langu. Kumwelekeza kungekuwa kukubali wazi kwamba ninajua anayo. Kwa hiyo tukanywa chai, tukaongea kuhusu bei ya maharagwe, nikaenda zangu.

Asubuhi ile ya Jumapili, kabla ya wewe kuamka kuchota maji, aliibeba nyuma ya stoo na kuimwaga mferejini. Alidhani maji yataichukua.

Niliitwa msibani, nikapitia nyuma kwa sababu ya umati. Majani ya ukingoni yalikuwa yameshaanza kuungua, na harufu ilikuwa pale. Njura alikuwa amesimama mlangoni mwa stoo. Alinitazama. Alisema tu, "Muthoni, nilifanya ulivyosema."

Kutoka pale hadi uani ni hatua chache, na katika hatua hizo niliamua. Nikisema ni mfereji, watauliza nani alimwaga. Nikisema ni Njura, atasema nani alimtuma. Mtungi ulikuwa pale chini, hauwezi kusema. Niliuinua. Waliponiuliza habari za bata, nilisema ni homa ya bata.

Sikufikiri watakufukuza. Niliwaza kwamba mwanamke aliyefiwa huhurumiwa. Walipokufukuza nilijiambia ni mambo ya ndoa. Nilikuletea magunia ya viazi Embu, nawe uliyapokea, nami nikaondoka haraka kila mara nikisema barabara ni mbaya.

Sikuandikii ili unisamehe. Nilikuwa na sauti miaka yote hiyo sikuitumia.

Misheck

—

Runyenjes,
30 Juni 2025

Baba Makandi,

Nimeisoma. Nikampa Ruguru naye akaisoma, kwa sababu ni kaka yake aliyekufa na ni baba yake aliyemwaga. Alitoka nje akaosha vyombo vilivyokuwa safi. Makandi na mashuka, huyu na vyombo. Watoto wetu wamefanana.

Nikueleze jambo ambalo sikuwahi kukuambia. Njura alikuja hapa mara moja, mwaka mmoja kabla hajafa. Alikuwa amekonda. Aliketi kwenye kiti kilicho mlangoni na kuomba maji. Nikamletea kwenye glasi. Aliishika glasi ile kwa mikono yote miwili, akaitazama, hakunywa. Tukazungumza kuhusu mvua. Aliposimama kwenda akaniachia glasi mkononi, imejaa vilevile. Nilidhani amedharau maji yangu, kwamba bado ananiona mchafu wa mitungi. Nilimwaga yale maji mlangoni akiwa bado anaonekana barabarani, ili aone.

Sasa najua alikuja kusema. Nyinyi wanaume wawili mmezunguka miaka yote na maneno midomoni. Mmoja na magunia ya viazi, mwingine na glasi ya maji.

Unasema huombi msamaha. Vizuri, kwa kuwa leo sina. Labda nitakuwa nao siku nyingine, sijui unahifadhiwa wapi. Lakini kuna kitu ninachotaka, nacho kiko mkononi mwako. Uliniharibia jina mbele ya watu, kwa sauti. Usilirudishe kwenye bahasha. Muriithi anataka maoni yako kuhusu habari ya wiki moja? Mpe. Mpe barua ya mwezi wa tano, yote, pamoja na bata. Isomwe mbele ya watu wa mfereji, na Njura atajwe, na wewe utajwe, na mimi niitwe jina langu.

Usife kabla. Ninakuambia kama dada.

Rwamba

—

Kiirua,
16 Agosti 2025

Mama Mutugi,

Mwandiko huu ni wa Makandi. Mimi naandika kwenye kibao neno mojamoja, yeye anaunganisha, nami natikisa kichwa akikosea. Nakusalimu. Uji nao sasa unakataa, ninapewa maji ya uji tu.

Baraza lilikuwa Jumamosi iliyopita, chini ya turubai karibu na tangi. Walinibeba kwenye kiti cha plastiki. Muriithi alisoma kanuni moja baada ya nyingine, na zote zilipita bila ubishi mpaka ile ya mkaguzi kutuma habari. Akasema, "Hii mzee wetu ametuandikia maoni." Alitabasamu. Alikuwa hajayasoma, kwa kuwa Makandi aliyashika kwenye mkoba wake mpaka dakika ile.

Makandi alisoma. Sauti yake haikutetemeka isipokuwa penye chai uliyotuletea.

Mpwa wa Njura, Mutwiri, ndiye aliyesimama kwanza. Alisema, "Marehemu hawezi kujitetea."

Makandi akamjibu, "Hata Mutugi hawezi."

Mutwiri akaketi. Mama mmoja mzee wa huko chini, ambaye mume wake alikuwa na bata, alisema bila kusimama, "Homa ya bata. Nami nikaamini." Baadhi ya watu walicheka kidogo kwa uchungu. Muriithi alikuja karibu na kiti changu akaniinamia. "Mzee, tulikuomba maoni kuhusu kipengele, hatukukuomba ujianike." Niliandika kwenye kibao: NDIYO MAONI YANGU. Alikisoma, akakaa nacho mkononi, kisha akakiinua watu wakione.

Walipiga kura kwa mikono. Kipengele kiliondolewa. Mkaguzi atakuja siku atakayokuja. Kuna watu wanaolalamika bado, wanasema nimewauza, na sasa hawapiti hapa kunisalimu. Sioni vibaya.

Jioni ile Mutwiri alikuja na panga. Makandi aliogopa. Kumbe Mutwiri alikuwa ametoka kufyeka ua wa kaburi. Alisema kufuli ameliondoa, na kwamba Mama Mutugi akija asiombe ufunguo kwa mtu. Alikuita hivyo mwenyewe, hakufundishwa.

Sina la kuongeza. Nakutazamia, ingawa sina haki ya kukutazamia. Ukiamua kuja, tutumie habari ili Makandi aandae mahali pa kulala na kuchemsha maji ya kunywa.

Ndugu yako,
Misheck

(Hapa ni Makandi. Shangazi, usikawie sana.)

—

Runyenjes,
22 Agosti 2025

Misheck,

Barua imefika upesi safari hii. Ruguru aliifuata mwenyewe ofisini, akanisomea tukiwa tumeketi kwenye kiti kile cha mlangoni, tumebanana.

Sisi ni wazima. Nimewaachia kuku jirani. Nimechimba mche wa lile ua jekundu na kuufunga na udongo wake kwenye gunia, na chupa za maji yangu nimeshazijaza.

Mwambie Makandi asitandike na asichemshe. Nitawakuta mlivyo. Mfereji nitaukuta ulivyo, na kaburi lilivyo, na wewe ulivyo, kama ungali ukipumua au la.

Siku sikuambii.

Dada yako,
Rwamba, Mama Mutugi